Swali la Programu Linapogeuka Ugomvi: Dalili, Vyanzo na Marekebisho

Mwongozo huu ni wa watu wawili wanaokutana kila siku kwenye majukwaa ya msaada na kuachana wakiwa wamenuniana. Mmoja ni programa wa ridhaa, anayeandika programu usiku baada ya shughuli zake nyingine, ama kwa kuipenda kazi hiyo au kwa sababu ana shida ndogo anayotaka kuitatua mwenyewe. Wa pili ni mtaalamu ambaye programu ndiyo riziki yake, na ambaye hujibu maswali ya watu asiowajua bila kulipwa hata senti. Tafuta dalili inayofanana na yako, usome vyanzo vyake, kisha ujaribu marekebisho moja baada ya jingine, kwa maana ukibadilisha mambo matatu kwa mpigo hutajua ni lipi lililosaidia.

Nitangulize msimamo wangu ili msomaji ajue ninasimama wapi. Mara nyingi ugomvi huu hauanzi na tabia mbaya ya mtu yeyote. Unaanza pale swali moja linapobebeshwa kazi mbili: muulizaji anataka kitu chake kifanye kazi leo, na mjibuji anataka kujua kwa nini kimekataa, au anataka swali lenyewe libaki hapo liwafae wengine watakaolitafuta miaka ijayo. Kila mmoja humwona mwenzake kuwa mzembe kwa kazi ambayo mwenzake hakuwa akiifanya. Ukali usio na chanzo cha kiufundi nao upo, na nimeuwekea sehemu yake mwishoni.

Dalili: swali limefungwa kabla halijajibiwa

Dalili hii inajulikana zaidi kwa wanaotumia Stack Overflow, tovuti ya maswali na majibu ya programu iliyofunguliwa mwaka 2008 na Jeff Atwood na Joel Spolsky. Waanzilishi wake hawakukusudia pawe mahali pa kumsaidia mtu mmoja mmoja mpaka shida yake iishe. Walitaka hazina ya maswali na majibu ambayo mtu ataifikia akiwa anatafuta kitu kwenye Google, na hazina hutunzwa kwa kupunguza yanayojirudia. Ndiyo maana wanachama wenye alama za kutosha hupewa uwezo wa kupiga kura ya kulifunga swali, na tangu mwaka 2019 kura 3 zikawa zinatosha, ilhali hapo awali zilihitajika 5. Mtaalamu anapolifunga swali anajiona ameliweka kando ili lirekebishwe. Mgeni aliyejiandikisha asubuhi ile anaona amefukuzwa.

Soma kwanza sababu iliyoandikwa juu ya swali. Kama ni kukosa maelezo, marekebisho yamo katika sehemu inayofuata. Kama ni swali la maoni, kwa mfano lugha ipi ni bora kwa anayeanza, liondoe hapo ulipeleke kwenye kundi la mazungumzo, kwa sababu ni vigumu lifunguliwe hata ulihariri vipi. Sababu inayowaudhi watu zaidi ni ile inayodai kwamba swali lilikwisha kuulizwa, na hapa mimi niko nusu upande wa muulizaji. Swali la zamani linafanana na jipya machoni pa mtaalamu, kwa kuwa yeye anaona chanzo; muulizaji anaona dalili tu, na dalili za matatizo hayo mawili zinaweza kutofautiana kabisa. Mtu ambaye tayari angejua kuwa yana chanzo kimoja asingekuwa na haja ya kuuliza. Kwa hiyo mtaalamu anayefunga swali kwa sababu hii anadaiwa sentensi moja ya kuunganisha: tatizo lako ni lile lile kwa sababu namba yako nayo inavuka kikomo, angalia jibu la pili.

Muulizaji naye asikimbilie kulifuta swali na kuliandika upya kwa kichwa kingine. Mfumo wa Stack Overflow huhesabu pia maswali yaliyofutwa, na akaunti yenye maswali mengi yaliyopokewa vibaya inaweza kuzuiwa kuuliza. Njia iliyo bora ni kulihariri lile lile, ueleze wazi ni wapi swali la zamani linatofautiana na lako, kwa kuwa uhariri huo ndio unaoliingiza kwenye foleni ya kuangaliwa upya. Lisome pia swali la zamani mpaka majibu ya chini kabisa, maana jibu lililokubaliwa miaka mingi iliyopita huenda lilihusu toleo ambalo hakuna anayelitumia tena, na lililo hai likawa la tatu au la nne.

Kuna chanzo kingine kilichowatesa wageni kwa miaka mingi bila wakongwe kukikumbuka. Mtu mwenye alama chini ya 50 hakuruhusiwa kutoa maoni chini ya swali la mwingine. Mgeni aliyetaka kusema tu kwamba naye ana tatizo hilo, au kumwuliza mjibuji jambo dogo, alijikuta hana pa kuandika isipokuwa kwenye nafasi ya jibu; akaandika hapo, likafutwa, akaonekana msumbufu. Alikuwa amepita kwenye mlango pekee uliokuwa wazi kwake.

Dalili: umeuliza swali moja, umerudishiwa matano

Hapa ndipo watu wengi huachana, kwa hiyo tukae kidogo na mfano mmoja.

Mfugaji wa kuku anaunda mashine ya kutotolesha vifaranga kwa kutumia bodi ya Arduino Uno, kompyuta ndogo ya kuendeshea vifaa. Balbu inapasha joto, kihisi kinapima, na mota ndogo inatakiwa kugeuza trei ya mayai kila baada ya saa nne. Mota inageuza trei mara moja umeme unapowashwa, kisha haigeuzi tena. Anaandika kuwa mota yake ni dhaifu na anaomba aambiwe anunue ipi yenye nguvu zaidi. Mwishoni anaongeza, kama mtu anayekumbuka jambo dogo, kwamba joto nalo halitulii, ila hilo anadhani ni kihisi kibovu na amekwisha kuagiza kingine. Badala ya jina la mota anapokea maswali. Ni bodi gani? Msimbo uko wapi? Mota inapata umeme kutoka wapi? Kwa nini unatumia delay? Wa mwisho anamwambia akajifunze lugha ya C kwanza, na mfugaji anafunga ukurasa.

Mstari wenye tatizo, unaoiamuru bodi isubiri kwa milisekunde zilizoandikwa ndani ya mabano, ni huu:

`delay(4 * 60 * 60 * 1000);`

Kwenye karatasi hesabu hiyo ni sahihi: saa nne ni milisekunde 14,400,000. Lakini kwenye Uno namba nzima za kawaida huhifadhiwa kwa biti 16, na kubwa kuliko zote ni 32,767. Kuzidisha kunavuka kikomo hicho, na kwa kawaida kinachobaki ni -17,920. Amri ya delay, kwa upande wake, hupokea namba ya biti 32 isiyoweza kuwa hasi, kwa hiyo -17,920 husomwa kuwa 4,294,949,376. Kiasi hicho cha milisekunde ni siku 49 na ushei, na yai la kuku huanguliwa kwa siku 21. Mota ni nzima kabisa. Imeambiwa isubiri mpaka vifaranga wa uzao wa pili wawe wametoka.

Ukishakijua chanzo, yale maswali yanayoudhi yanageuka sura. Bodi iliulizwa kwa sababu kwenye ESP32, bodi nyingine ambayo namba zake za kawaida ni za biti 32, mstari ule ule ungesubiri saa nne kamili bila kasoro. Msimbo uliulizwa kwa sababu kosa limo humo, na hakuna maelezo ya mota ambayo yangelifichua. Umeme uliulizwa kwa sababu mota iliyounganishwa moja kwa moja na pini ya bodi huweza kuvuta umeme kupita uwezo wa pini hiyo, na bodi ikajizima na kuwaka upya, dalili ambayo kwa mbali inafanana na hii.

Swali la nne, lile la delay, ndilo lililomkera zaidi kwa kuwa lilisikika kama kebehi, na ndilo lililokuwa na uzito kuliko yote. Wakati delay inaendelea, bodi haifanyi kitu kingine chochote: haisomi kihisi, haizimi balbu, haiwashi balbu. Kama balbu ilikuwa inawaka kusubiri kulipoanza, itaendelea kuwaka mpaka kuishe. Mayai yanahitaji joto la takribani nyuzi 37.5, na hata kama mfugaji angerekebisha hesabu kwa kuandika `4UL` mahali pa `4` (UL huilazimisha hesabu kutumia biti 32), mashine yake ingekaa saa nne nzima bila kuangalia joto. Kihisi alichokidhani kibovu hakikuwa na kosa lolote. Dalili zote mbili, mota na joto, zilitoka kwenye mstari mmoja, na mtaalamu aliliona hilo mara moja. Kisha akaandika maneno manne tu, kwamba asitumie delay atumie millis (amri inayosoma saa ya ndani ya bodi bila kuisimamisha), kana kwamba sababu yake inajulikana na kila mtu tangu shule ya msingi.

Marekebisho kwa muulizaji yanaanza na kutenganisha alichokiona na anachokidhani. Kwamba mota iligeuka mara moja tu ni jambo lililoonekana. Kwamba mota ni dhaifu ni dhana. Mjibuji akipewa dhana pekee hulazimika kurudi nyuma kutafuta kilichoonekana, na safari hiyo ya kurudi ndiyo inayosikika kama kuhojiwa polisi. Andika lengo lako la mwisho, yaani mayai yageuzwe kila saa nne huku joto likidhibitiwa. Ongeza ulichokitarajia, kilichotokea, aina ya bodi na toleo la programu unayotumia. Ujumbe wa hitilafu, kama upo, unakili neno kwa neno. Msimbo ubandike kama maandishi, kwa sababu picha ya skrini iliyopigwa kwa simu haiwezi kunakiliwa wala kujaribiwa na mtu mwingine. Najua wengi wanaandika kutoka kwenye simu wakati kompyuta iko kwingine. Hata hivyo, ni heri kuchelewa saa moja ukatuma maandishi kuliko kutuma picha ambayo hakuna atakayehangaika nayo.

Kisha punguza. Ondoa balbu, ondoa kihisi, ibaki mota na delay peke yake, na badala ya saa nne weka `10 * 1000`, yaani sekunde 10. Mota itageuka kama inavyotakiwa. Weka `30 * 1000`, itageuka. Weka `40 * 1000`, itakwama. Mtu aliyefika hapo haulizi tena kuhusu mota. Anauliza kwa nini sekunde 30 zinakubali na 40 zinakataa, na swali la namna hiyo hujibiwa ndani ya dakika chache, mara nyingi kwa furaha, kwa kuwa wataalamu wanayapenda maswali yenye mpaka ulio wazi. Wengine hugundua jibu wenyewe kabla ya kumaliza kuandika.

Marekebisho kwa mtaalamu ni mafupi zaidi lakini hufanywa mara chache: kila unapouliza, sema kwa nini. Ukiandika kwamba unataka kujua bodi kwa sababu kwenye Uno hesabu hiyo inavuka kikomo, umeongeza maneno machache na umemfundisha mtu jambo hata kama hatarudi kujibu. Ukumbuke pia kwamba vifaa vyako havifanani na vyake. Arduino IDE, programu ya kuandikia msimbo wa bodi hizi, huja ikiwa imezima maonyo ya mkusanyaji, yaani kifaa kinachogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine, na asiyeingia kwenye mapendeleo kuyawasha hataona onyo la hesabu kuvuka kikomo hata mara moja. Wewe uliyeyawasha siku nyingi zilizopita umekuwa ukikumbushwa na kompyuta; yeye hakukumbushwa na yeyote.

Dalili: unaambiwa kwamba jambo hilo halifanywi kabisa

Umeuliza namna ya kufanya jambo fulani, na jibu unalopata ni kwamba hakuna mtu makini anayelifanya. Vyanzo hapa ni viwili, na kuvichanganya ndiko kunakozaa ugomvi.

Chanzo cha kwanza ni ukubwa wa kazi. Mtaalamu ametoka kwenye mfumo wenye watumiaji maelfu, ambako jina baya la kigeu (jina linaloshika thamani ndani ya msimbo) humgharimu mwenzake siku nzima miezi sita baadaye. Wewe una programu ya mistari 80 inayopanga picha za harusi kwa tarehe, na hakuna atakayeisoma isipokuwa wewe. Hapo una haki ya kushukuru kwa ushauri na kurudi kwenye swali lako, ukieleza wazi kwamba programu ni ya matumizi yako binafsi. Mtaalamu anayeendelea kusisitiza mpangilio wa mafaili baada ya kuambiwa hivyo amehama kwenye swali na kuingia kwenye mapendeleo yake. Kanuni ya haki ni kujibu kwanza lililoulizwa, kisha kuongeza ushauri chini yake.

Chanzo cha pili ni usalama wa watu wengine, na hapa ninahamia upande wa mtaalamu bila kusita. Chukua programu ya kikundi cha kuweka na kukopa iliyotengenezwa na mwanachama mmoja kwa nia njema, ikiwa na majina, namba za simu na michango ya wenzake. Ndani yake, jina linaloandikwa na mtumiaji huchomekwa moja kwa moja kwenye sentensi ya SQL, lugha ya kuzungumza na hifadhidata, na nywila zimehifadhiwa zilivyo bila kufichwa. Mwenye programu ameuliza tu kwa nini jina lenye alama ya ritifaa, kama Ng'wandu, linaleta hitilafu. Kumjibu kwa kumwonyesha namna ya kuikwepa ritifaa peke yake ni kumdhuru, kwa kuwa hitilafu hiyo hiyo ndiyo mlango ambao mtu mwenye nia mbaya ataupitia kusoma au kufuta jedwali zima. Jibu sahihi ni kutumia hoja zenye nafasi zilizotengwa kwa ajili ya data, na likishafanywa hilo tatizo la ritifaa linatoweka lenyewe. Utetezi wa kwamba mimi ni wa ridhaa hauna nguvu hapa, kwa sababu waliomo kwenye jedwali hawakuchagua kuwa sehemu ya mazoezi ya mtu. Kenya ina sheria ya kulinda data tangu mwaka 2019 na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Kipimo cha haraka ni kuuliza nani ataumia programu ikiharibika. Kama ni mwenye programu pekee, mtaalamu apunguze sauti. Kama ni wengine, muulizaji asikilize.

Dalili: salamu zako zimefutwa na jibu ni kavu

Umeanza kwa kuwasalimu wakubwa, ukawatakia uzima, ukaomba radhi kwa usumbufu, ukajitambulisha kuwa mgeni, ndipo ukafika kwenye swali. Baada ya dakika chache mtu usiyemjua amehariri maandishi yako na kuondoa kila kitu kilichotangulia swali, pamoja na asante ya mwisho. Kwetu, kumwendea mtu na shida kabla ya kumsalimu ni kukosa adabu, kwa hiyo ni rahisi kuhisi kwamba umevunjiwa heshima mbele ya watu.

Chanzo ni ile hazina iliyotajwa mwanzoni. Kwa mwongozo wa Stack Overflow, salamu na shukrani hazitakiwi ndani ya swali, kwa hoja kwamba atakayelifikia miaka mitano baadaye hataki kupita aya nzima ya heri kabla ya kulikuta tatizo. Aliyekufutia hakukuchagua wewe, anawafutia wote. Na ukavu wa jibu mara nyingi ni wa mtu anayeandika Kiingereza kama lugha yake ya pili au ya tatu, kama wewe, akiwa Ujerumani au India, katika mapumziko mafupi ya kazi.

Adabu ina pa kwenda, ila mahali pake pamehama. Ukijibiwa, jaribu ulichoambiwa na urudi kusema kilichotokea, hata kama hakikufaa. Jibu likikufaa, liwekee alama ya kukubaliwa. Ukitatua mwenyewe, andika ulivyotatua. Muulizaji anayetoweka baada ya kupata alichotaka huacha kinyongo kikubwa kuliko asiyesalimu, na wajibuji wa muda mrefu wanamkumbuka.

Dalili: unaambiwa uje inbox

Dalili hii ni ya makundi yetu ya WhatsApp na Telegram, ambako salamu hazifutwi na kila mtu ni mkuu. Swali linaulizwa mbele ya watu mia mbili, na anayelijua jibu anaandika kwamba muulizaji aje inbox. Kinachoendelea huko hakuna anayekiona, na wiki inayofuata swali lile lile linaulizwa tena na mtu mwingine.

Wakati mwingine mjibuji anataka malipo, na hakuna ubaya wowote katika kudai ujira kwa kazi. Ubaya ni kulificha hilo mpaka mtu awe amekwisha kutuma msimbo wake wote. Kama unataka kulipwa, sema bei hadharani. Kama unataka kusaidia bure, saidia hadharani. Muulizaji aliyesaidiwa faraghani anaweza kurekebisha hali kwa kurudi kwenye kundi na kuandika kwa mistari miwili tatizo lilikuwa nini. Tahadhari moja ni ya lazima: usitume nywila wala funguo za siri za seva kwa mtu uliyekutana naye jioni ile, hata akijitambulisha kwa heshima zote.

Dalili: kimya

Kimya si dharau, na aghalabu chanzo chake ni saa. Saa tatu asubuhi Nairobi au Dodoma, wajibuji wengi wa New York wamelala. Kwao ni saa nane usiku majira ya kiangazi. Subiri siku nzima kabla ya kuhukumu. Ikipita, angalia kichwa cha habari: kinachosema tu kwamba unahitaji msaada wa haraka hakimwiti mtu yeyote, bali kile kinachosema kwamba delay inakwama ikizidi sekunde 32 kwenye Uno kitamwita anayelijua jambo hilo. Usilibandike swali katika majukwaa manne kwa wakati mmoja bila kutaja, kwa sababu atakayetumia nusu saa kulijibu kisha akagundua kwamba lilijibiwa kwingine jana hatakujibu tena.

Dalili: unashutumiwa kwamba msimbo si wako

ChatGPT, programu ya akili mnemba inayoandika maandishi na msimbo, ilitolewa mwishoni mwa Novemba 2022, na siku chache baadaye Stack Overflow ikapiga marufuku majibu yaliyotungwa nayo, kwa kuwa yalikuwa yakija kwa wingi, yameandikwa vizuri, na mengi yakiwa na makosa. Tangu wakati huo idadi ya maswali mapya huko imepungua sana. Sehemu ya sababu si ngumu kuielewa: mashine haimnunii mtu, na mgeni aliyechomwa mara mbili ana haki ya kupendelea isiyochoma.

Msuguano wa sasa unatokea pale msimbo wa mashine unapokwama na kuletwa kwa binadamu. Mtaalamu anauliza kwa nini umeandika mstari fulani, na wewe huna jibu, kwa kuwa hukuuandika wala hukuusoma. Anagundua kwamba maktaba iliyotajwa humo, yaani mkusanyo wa msimbo uliokwisha kuandikwa na wengine, haipo kabisa, na anahisi amefanywa mfanyakazi wa bure wa kusafisha baada ya kompyuta. Marekebisho ni uwazi. Sema tangu mwanzo kwamba msimbo umetoka kwenye mashine, taja sehemu unayoielewa na ile usiyoielewa, na uhakikishe kwamba kila maktaba iliyotajwa inapatikana. Mtaalamu kwa upande wake asiitumie mashine kama tusi. Mtu wa ridhaa aliyeanza kwa msimbo wa mashine na sasa anauliza maana yake anajifunza, kama wengine walivyojifunza kwa kunakili kutoka magazetini na vitabuni.

Dalili kwa mtaalamu: kila swali linakukera

Uchovu huu una historia ndefu. Kwenye Usenet, mtandao wa makundi ya mazungumzo, ya miaka ya 1980, kila Septemba wanafunzi wapya wa vyuo vikuu vya Marekani walipata akaunti zao za kwanza, wakauliza yaliyokwisha kuulizwa, na baada ya wiki kadhaa wakawa wamezoea desturi za wenyeji. Kuanzia mwaka 1993 na 1994 makampuni ya huduma za mtandao, AOL miongoni mwao, yaliwafungulia mlango wateja wao wote, na wakongwe wakawa wanasema kwamba Septemba ya 1993 haikuisha. Wageni walikuwa wengi kuliko wenyeji wa kuwafundisha, na hali hiyo ndiyo ya kila jukwaa kubwa leo.

Kwa hiyo tambua kwamba swali linalokuchosha kwa mara ya mia linaulizwa na mtu huyu kwa mara ya kwanza. Andika jibu kamili siku moja ukiwa umetulia, ulihifadhi, kisha utoe kiungo chake. Hulazimiki kujibu kila kitu. Kuna jioni ambazo msaada mkubwa unaoweza kuutoa ni kupita bila kuandika, kwa sababu jibu la kejeli halimfukuzi muulizaji peke yake. Linawafukuza pia wale waliokuwa wanasoma kimya wakijiuliza kama nao wathubutu.

Dalili: ukali umehama kutoka kwenye msimbo kwenda kwa mtu

Kuambiwa kwamba msimbo wako ni mbaya kunauma, lakini ni habari kuhusu msimbo. Kuambiwa kwamba wewe ni mjinga, au kuguswa kwa jinsia, rangi, lugha au nchi yako, hakuna marekebisho ya swali yanayoweza kukutibu, na usijaribu kuyatafuta. Wenye majukwaa wenyewe wamekwisha kulikubali hili. Aprili 2018 kampuni ya Stack Overflow ilikiri hadharani kwamba wengi, hasa wageni, wanawake na watu wasio weupe, walipaona mahali pake kuwa pakali, na Agosti mwaka huo ikatoa kanuni mpya za mwenendo. Septemba 2018 Linus Torvalds, aliyeanzisha mfumo endeshi wa Linux na aliyejulikana kwa barua kali kwa wenzake, aliomba radhi na kujiweka kando kwa muda, na mradi huo ukapokea kanuni za mwenendo pia.

Usijibu tusi kwa tusi, kwa sababu msimamizi akifika na kukuta mawili atafuta yote na kuwaonya wote. Tumia kitufe cha kuripoti na utaje maneno yenyewe, bila kuongeza tafsiri yako ya nia ya aliyeyaandika. Hifadhi kiungo na picha ya skrini, maana maneno ya namna hiyo huhaririwa haraka. Kama jukwaa halina msimamizi anayeshughulika, peleka swali lako kwingine. Jumuiya nyingi za lugha na za vifaa zina zaidi ya mahali pamoja pa kuuliza. Na wewe uliyekuwa ukisoma tu, unayelijua jibu, liandike chini ya lile tusi: bodi gani, mstari upi, kwa nini.